Mama Digidigi na Shamba la Kiduha

Hapo zamani za kale, katika nchi ambako mvua hunyesha ikijisikia, aliishi Mama Digidigi, mjane mwenye mashamba mawili na watoto wasioshiba. Shamba moja alilipanda mtama, la pili kunde. Mwaka uliofuata aligeuza, kwa maana kunde huirudishia ardhi nguvu, na mtama huila.

Nyati, jirani yake, hakujua hayo. Alijua kusubiri tu. Kila alipomwona Digidigi amebeba kikapu cha mbegu za mtama, alikuja mbio, puu! puu! puu!

"Toka hapa, mama miguu-kibiriti! Shamba hili nalilima mimi!"

Basi Digidigi alibaki na shamba lililochoka, na watoto wakalala na maji ya moto tu tumboni.

"Nyamaza tu, shoga," Kanga, rafiki yake, alimwambia Digidigi. "Yule ana pembe."

"Nimenyamaza hadi meno yananiuma!" alisema Digidigi. "Mimi naponya ardhi, yeye anaila! Safari hii ataila mpaka imkwame."

Mawingu yalipotanda, akajitwika kikapu cha mtama, akaenda moja kwa moja kwenye shamba lililotoka kuzaa mtama. Humo kiduha, magugu yale yanayonyonya mizizi ya mtama chini kwa chini, kilikuwa kimemwaga mbegu zake. Akaanza kuchimba, huku akiimba kwa sauti.

Puu! puu! puu!

"Toka!"

"Zik! Zik!" alilia Digidigi. "Bwana Nyati, nionee huruma! Watoto wangu watakula nini?"

"Wale upepo!"

Nyati akapanda mtama wake humo, na Digidigi akakimbilia shamba lililotoka kuzaa kunde, akilia. Alipofika nyuma ya kichaka akafuta machozi, maana kazi ilikuwa nyingi. Akapanda mtama upande mmoja, na upande wa pili choroko zinazowahi kukomaa. Mtama peke yake ni kamari.

Mvua ikakatika mapema. Choroko zilikuwa tayari zimeiva. Mtama wa Digidigi ulikuwa mfupi, lakini ulizaa. Wa Nyati ulinyauka ukawa wa njano, na katikati yake yakachanua maua ya zambarau ya kiduha.

Nyati akaja, mbavu nje.

"Umenidanganya, wee mwanamke!"

"Nilikwambia nini mimi? Nilibeba kikapu changu, kwenye shamba langu. Nani alinifukuza?"

Nyati akakwaruza ardhi, krrr! krrr! Lakini njaa ilimshinda.

"Basi nipe choroko, jirani. Kidogo tu."

"Leo mimi ni jirani? Watoto wangu uliwaambia wale upepo! Rudi ukang'oe kiduha chote, mche kwa mche, kabla hakijamwaga mbegu tena. Ukimaliza, shamba langu nirudishie, ndipo nitakupa bakuli."

"Bakuli moja?"

"Ongea tena, liwe nusu."

Nyati akainamisha pembe, akaanza kung'oa.

Mwenye nguvu atakunyang'anya shamba, lakini akili ya kulilima hawezi kuibeba.