Kwa Nini Anayeleta Mzigo Hupewa ya Maji

Acheni kwanza kuufungua huo mzigo. Hautaota mbawa. Aliyeuleta bado amejikinga mvua pale kibarazani, kofia yake ya pikipiki mkononi, na mmoja wenu, sitamtaja, ameupokea mzigo, amesema "haya," na amefunga mlango. Kaeni chini. Mnaijua "ya maji" kwa kuitamka tu, na mnadhani imekuwapo tangu dunia iumbwe. Haikuwapo.

Zamani za kale palikuwa na mji juu ya mlima, ukiitwa Irindi. Ulikuwa na upepo mzuri, mawe mengi, na haukuwa na tone la maji. Msicheke. Waliouanzisha walikuwa wanakimbia maadui, na mtu anayekimbia adui hachagui kiwanja kwa kufikiria kiu. Mto ulikuwa bondeni. Aliyeondoka alfajiri na mtungi mtupu alirudi jua likiwa la utosi, na njiani palikuwa na sehemu tatu za kupanda kwa magoti.

Kwa hiyo mji ule uliishi kwa wachukuzi. Walikuwa watu wa bondeni, wanaume wa shingo nene na maneno machache, kila mmoja na nyumba zake za kupelekea maji. Ujira wao ulikuwa kikapu cha mahindi kila mwezi ulipoandama, nao waliupokea hukohuko chini. Baada ya hapo hapakuwa na neno. Mchukuzi alifika, akautua mtungi kizingitini, akagonga mara mbili, akageuka. Mwenye nyumba alikaa nyuma ya mlango akingoja nyayo ziishe ndipo afungue, maana watu wa Irindi waliona kwamba kazi ikishalipwa, hata salamu ni ziada. Ndiyo iliyokuwa adabu yao, na waliwafundisha watoto.

Katika mji huo aliishi mwanamke kijana aliyeitwa Nakiete. Mumewe alifariki wakati wa mavuno, akamwachia nyumba ya mawe na binti wa miezi minane, Mkunde. Kiangazi cha mwaka ule kilikaza, na mtoto akashikwa na homa isiyotaka kuondoka. Mkunga mzee alimtazama, akamgusa utosi uliokuwa umebonyea, akasema dawa yake ni maji tu, kidogo kidogo, mchana na usiku, midomo isikauke. Nakiete alipata mtungi mmoja kila siku ya tatu. Aliacha kunawa, akaacha kupika ugali, akawa anatafuna mahindi ya kuchoma ili maji yote yawe ya mwanawe.

Siku moja alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kama ilivyokuwa desturi, akingoja nyayo za mchukuzi ziishe. Hazikuisha, maana hazikuanza. Badala yake alisikia sauti ndogo, kama paka anayelamba maziwa. Akachungulia kwenye ufa.

Mchukuzi wake aliitwa Mbonea. Wachukuzi walikuwa na kawaida ya kuweka majani mabichi juu ya maji ili yasiruke njiani, na Mbonea alikuwa amechuchumaa, ameyatoa majani yale mtungini, anayalamba moja moja, huku na huku, macho ameyafumba. Akimaliza moja alilirudisha mahali pake vilevile, lisijulikane limeguswa. Mkono wake wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Mkono huo ulikuwa umemletea Nakiete maji tangu siku aliyoolewa, na hakuwahi kuujua. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Akafungua mlango. Mbonea aliruka kama aliyeshikwa ugoni.

"Nisamehe, mama. Ni majani tu. Maji sijayagusa."

"Ngoja hapo," alisema Nakiete. Akachota kata ya maji, akampa kwa mikono miwili.

"Ujira wangu nimeshaupokea, mama. Kikapu kizima."

"Sijakuuliza ujira, baba. Nakuuliza kiu."

Mbonea akanywa. Sasa Nakiete hakujua kiasi gani ndicho sawa, kwa kuwa hakuna mtu wa Irindi aliyewahi kumpa mchukuzi kitu, na hapakuwa na wa kumuiga. Kidogo mno kingekuwa dhihaka, na kingi mno kingekuwa uhai wa Mkunde. Basi alitazama koo la yule mtu. Lilikuwa linapanda na kushuka kwa pupa, kisha likaanza kwenda taratibu, na lilipotulia akaishusha kata. Mbonea alisema ahsante kwa sauti ya chini, akashika njia. Nakiete akarudi ndani, akaona mtungi ulivyopungua, akajilaumu, kisha akajilaumu kwa kujilaumu.

Irindi ulikuwa mji mdogo wenye mdomo mkubwa. Kabla jua halijazama, kila nyumba ilikuwa imepata habari, na wengi walinuna. Jirani mmoja alisema, "Ukimpa wako, wangu ataninunia mimi." Mwingine akasema leo ni maji, kesho atataka uji, keshokutwa atataka kuketi. Wakapeleka maneno kwa Mzee Kirumbi, mwenye lango na sheria za mji.

Kirumbi hakuwa mtu mbaya, msimwonee. Alikuwa mtu wa haki, na ugonjwa wa watu wa haki ni kupenda kipimo. Aliita baraza, akasikiliza pande zote, kisha akatoa ganda la konokono mkubwa, safi, laini ndani. Akalitundika langoni kando ya mtungi wa mji. Kila mchukuzi apitapo na mzigo atapewa ganda moja la maji, si zaidi, si pungufu, na baada ya hapo milango ya watu iachwe, na majani pia yasilambwe. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa kila mmoja alitoka pale akiwa mkarimu bila kutoa kitu. Hata Nakiete alishusha pumzi. Sasa hakuwa na haja ya kuchagua kati ya Mbonea na mwanawe. Akarudia desturi ya kungoja nyuma ya mlango.

Jua likazidi kuwaka. Siku moja mlango uligongwa mara moja tu, si mara mbili. Nakiete alikuwa anambembeleza Mkunde aliyekuwa analia kilio kikavu, kisicho na machozi, na moyoni alisema Mbonea ameshapata ganda lake langoni, yuko salama. Akangoja. Mtoto aliponyamaza ndipo alipofungua, na Mbonea alikuwa amelala pale chini kando ya mtungi. Mtungi ulikuwa umesimama wima, haukumwaga hata tone. Alikuwa amehakikisha ameutua vizuri kwanza ndipo akaanguka. Majani yalikuwa juu ya maji, hayajalambwa.

Nakiete hakufikiri. Alimvuta ndani kwa kwapa, akammwagia maji kichwani, kifuani, akamlowanisha midomo kwa kidole kama alivyomfanyia Mkunde, kisha akamnywesha kata baada ya kata hadi macho yakafunguka. Alipoinua kichwa, nusu ya mtungi ilikuwa imekwenda. Akaketi sakafuni kati ya wagonjwa wake wawili, akalia, kwa kuwa alikuwa na hofu na hakuna aliyekuwa akimwona.

Wachukuzi wengine walipopata habari walikuja mmoja mmoja, wakaketi ukutani mwa nyumba ile kumwangalia ndugu yao. Hawakupiga kelele wala hawakudai. Walikaa tu. Lakini mtu aliyeketi hachoti maji, na siku ya tatu mitungi ya Irindi ilikuwa mikavu, hata ule wa langoni ulibaki na maji ya kwenye matope yake tu. Midomo ya Mkunde ikaanza kupasuka.

Asubuhi hiyo Mzee Kirumbi alikuja kwa Nakiete, amevaa vazi lake la baraza.

"Nimeambiwa ulimpa mchukuzi zaidi ya ganda."

"Nilimpa, baba."

"Kiasi gani?"

"Sikupima."

Kirumbi alifungua kinywa kusema jambo la sheria, na hapo akamwona mtoto. Mkunde hakuwa analia tena. Alikuwa anamtazama tu, ulimi umemkauka.  Yule mzee akavua vazi la baraza, akaliweka juu ya kigoda, akachukua ngata ya Mbonea ya kutulizia mzigo kichwani na mtungi wake, na akatoka bila kuaga. Nimesema alikuwa mtu wa haki.

Alishuka vizuri. Kushuka hata jiwe linajua. Kupanda ndiko kulikomfundisha. Katika sehemu ya kwanza ya magoti alimkumbuka mama yake, katika ya pili alimkumbuka Mungu, na katika ya tatu hakukumbuka mtu yeyote, bali aliisikia sauti ya maji juu ya kichwa chake, mengi, baridi, na hayakuwa yake. Jua la utosi lilimkuta njiani, na la alasiri pia. Alipofika langoni, mlinzi akakamua mtungi wa mji, akamletea ganda moja la maji kwa heshima zote. Likaishia kwenye ulimi. Kirumbi akanyoosha ganda tena.

"Mzee," mlinzi alisema, ametazama chini, "sheria."

Basi akaendelea kupanda hadi kwa Nakiete. Akautua mtungi kizingitini. Na kwa kuwa mazoea yana taabu, akagonga mara mbili na kuanza kugeuka, aende zake kama wachukuzi wanavyokwenda. Mlango ulifunguka kabla hajapiga hatua. Nakiete alikuwa amesimama pale tangu mchana, Mkunde kiunoni, kata mkononi. Akachovya ncha ya nguo yake katika maji, akamtia mtoto mdomoni anyonye, na kwa mkono wa kulia, bila kungoja, akachota na kumnyooshea Kirumbi.

Akanywa. Nakiete akamtazama koo, akachota tena. Akanywa. Akachota ya tatu, na hapo koo likatulia. Mzee yule alikuwa anahesabu, asingeweza kujizuia, na alijua kila kata ni maganda manne. Aliketi kizingitini, mbele ya wachukuzi wote, akaanza kulia. Nakiete akageuza uso kumfuta mtoto pua, ili mzee apate nafasi ya kulia vizuri.

"Mwanangu," Kirumbi alisema alipoweza, "ulijuaje kiasi?"

"Sikujua, baba. Nilikutazama."

Kirumbi aligeuka akamtazama Mbonea aliyekuwa ameegemea mlango, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba ana vidole tisa. Akamwomba radhi. Kisha akaenda langoni, akalitungua lile ganda. Hakulivunja. Alimletea Mkunde, homa ikapungua, na mtoto alipokua kidogo akalifanya mwanasesere, akawa anamvisha matambara na kumnywesha mchanga. Mbonea alipopata nguvu akarudi njiani, na wenzake wakainuka pamoja naye.

Na tangu siku hiyo, mtu akileta kitu mlangoni, mlango hufunguliwa kabla nyayo hazijaondoka. Aliyeleta hutazamwa usoni, hupewa pole ya njia, kisha hutiwa kitu mkononi juu ya ujira wake. Anayetoa hatangazi ni kiasi gani, na anayepokea hakihesabu mbele yake. Miaka ikapita, maji yakapanda mlima kwa mabomba, na kata ya maji ikawa konzi ya mahindi, ikawa sarafu, ikawa noti iliyokunjwa, na siku hizi inarushwa kwa simu. Jina halikubadilika. Msusi hupewa, mpishi wa shughuli hupewa, mbeba magunia hupewa, na wote huambiwa ni ya maji, hata kama hakuna mwenye nia ya kununua maji.

Kipimo chake hakijapatikana hadi leo. Ndiyo maana mtu akisimama mlangoni huingiza mkono mfukoni, akasita, akajiuliza nimpe ngapi huyu. Wako wanaoudhika na kusita huko, wanataka mji uwatundikie ganda. Mimi nakupenda kusita huko, kwa kuwa ndiyo nafasi ya pekee tuliyobakiwa nayo ya kumwona aliyekuja.

Haya, hadithi yetu imefika kizingitini, na kizingiti hakikaliwi. Mvua inaanza kukatika. Yule baba kibarazani ameshavaa kofia yake, anatafuta ufunguo wa pikipiki, na suruali imemganda magotini kwa maji ya njiani. Inuka, wewe uliyefunga mlango. Usiniulize kiasi gani. Fungua, umtazame.