Makufuli ya Mzee Mwakalobo

Mtu mmoja alikuwa na makufuli mia mbili na kumi, na hakuna hata moja lililofunga mlango. Aliitwa Mzee Mwakalobo, seremala wa Tukuyu, aliyewatengenezea watu milango kwa miaka arobaini. Kila alipong'oa mlango uliochakaa, aliomba apewe kufuli lake la zamani. Alilisafisha kwa mafuta ya taa, akalifungia ufunguo wake kwa uzi, pamoja na kitambaa chenye jina la mwenye nyumba. Wenzake walicheza bao jioni. Yeye alikaa na makufuli yake, akaridhika.

Alipotimiza miaka themanini na macho yake kufifia, watoto wake watatu walikuja nyumbani: Ambwene, Lwitiko, na dada yao Tupokigwe. Walisema, "Baba, tumekuja tuyachambue makufuli yako pamoja." Mzee alifurahi. Alioga mapema, akavaa koti lake la kanisani, akaketi mlangoni mwa chumba cha makufuli akingoja kuulizwa.

Hakuulizwa.

Ambwene alipanga mafungu matatu sakafuni. La kwanza makufuli ya shaba, yauzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. La pili ya chuma, yatupwe shimoni. La tatu machache mazuri, ya kupamba sebule yake mjini. Nyuzi zilikuwa zinawachelewesha, basi Lwitiko akachukua kisu akawa anazikata. Kufuli likaenda kwenye fungu, ufunguo kwenye ndoo, kitambaa kikaanguka chini, na Tupokigwe akakifagia. Mzee alinyoosha mkono akawaambia kwamba lile kubwa lilitoka kwenye zahanati ya kwanza, walikozaliwa wote watatu. Wakamjibu, "Ndiyo, Baba," bila kuinua macho.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Hawa hawakuwa watoto wabaya. Walimletea sukari na blanketi jipya. Walimwamkia kwa adabu. Lakini walimfanyia mtu aliye hai kazi wanayofanyiwa waliokwisha kuzikwa, naye ameketi anawatazama. Na lile neno "pamoja" hakuna aliyewalazimisha kulitamka.

Kufikia adhuhuri chumba kilikuwa kitupu. Ambwene akamwomba baba yake ainuke, wakitoe na kiti. Mzee akainuka, akajishikilia kwenye fremu ya mlango aliyoiranda kwa mikono yake mwenyewe. Akayatazama yale mafungu, moja baada ya jingine.

"Na mimi, mwanangu," akasema, "nimo fungu lipi?"

Ambwene akacheka kidogo, akasema baba bado ana utani wake. Lwitiko akaangalia saa. Alasiri wakapakia shaba kwenye gari, wakaondoka.

Tupokigwe hakuondoka nao. Aliweka ufagio chini, akapiga magoti penye ndoo, akatoa ufunguo mmoja na kuuweka kwenye kiganja cha baba yake. "Baba, huu ni wa lipi?" Mzee akaupapasa kwa kidole gumba muda mrefu, akataja jina la mtu. Siku nne walikaa hivyo. Walifanikiwa kuunganisha kumi na tisa tu. Funguo nyingine zilibaki bila makufuli, kwa kuwa makufuli yake yalikwisha kutupwa au kupelekwa kuyeyushwa, na majina yalikwisha kuchomwa pamoja na takataka.

Mwaka uliofuata mzee alifariki. Kaburini Ambwene alishika kipaza sauti, akalia, akasema baba yao alikuwa hazina, na kwamba mengi amekwenda nayo ambayo hakuna atakayeyajua tena. Watu wakaitikia amina. Ibada ile niliiongoza mimi, na mimi sikuitikia.

Basi ninyi mnaotunga sifa za kuwasomea wazazi wenu makaburini, mmewauliza nini wiki hii, wangali na kinywa cha kuwajibu?