Kwani Mimi Mgonjwa?

Ndugu zangu, najua saa hizi kuna watu miili yao iko hapa lakini roho zimeshatangulia jikoni. Hata kwaya leo nimeisikia inaimba harakaharaka. Basi na tuhamie jikoni wote, tusifichane. Anayetaka kufumba macho afumbe, mimi sitasema amelala.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kujenga, mtu wa milimani kama sisi, kule ambako ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi. Jina lake siwaambii, maana mtaanza kumtafuta kwenye mabenchi. Mkewe alimwita kwa jina la binti yao, Baba Sekela, na sisi tumwite hivyohivyo. Alikuwa mtu mwema. Nyumba nyingi za kijiji kile zilisimama kwa mikono yake. Lakini kwenye chakula alikuwa na msimamo wake: ugali wa sembe, mweupe pe, na mchuzi, na kipande cha nyama kikipatikana. Ugali wa dona, ule wa unga usiokobolewa, aliula shuleni, akaapa kwamba akiwa na nyumba yake hatauona tena.

Siku moja mkewe alichuma majani ya maboga nyuma ya nyumba, akayapika kwa karanga za kutwanga. Pembeni akaweka maharage yaliyochemshwa pamoja na boga. Sahani ikawa ya kijani na ya njano, inapendeza kuitazama. Baba Sekela akaisukuma kwa kidole.

"Mama Sekela, hiki nini?"

"Mboga, baba. Nimeweka na karanga."

"Kwani mimi mgonjwa?"

Mnacheka. Mnacheka kwa sababu mnalijua neno hilo, limewahi kupita midomoni mwenu. Ukiletewa uji wa ulezi asubuhi: kwani mimi mgonjwa? Ukikatiwa papai: kwani niko wodini? Kwetu mtu mzima mwenye afya zake anakula cheupe na cha kukaanga. Chakula chenye rangi tunakitia kwenye hotpoti, tunakifunga na kitenge, tunakipeleka hospitali.

Mama Sekela hakubishana. Alikuwa na sufuria mbili. Kubwa ilikuwa ya wazima. Ndogo, iliyobonyea upande mmoja, aliiita sufuria ya mgonjwa, nayo ilikaa juu ya kabati la vyombo ikisubiri mtu augue. Tangu siku ile majani ya maboga hayakupikwa tena kwenye sufuria kubwa.

Ikafika masika. Baba Sekela akashikwa na homa, homa kali, wakampeleka hospitali, wakamtibu, kisha wakamrudisha nyumbani alale. Hapa naomba mtembee nami taratibu, kwa sababu homa ina nchi yake.

Alilala asubuhi, dirisha limekuwa jeupe kwa ukungu, akaota anajenga. Anajenga ukuta mrefu sana, na matofali yake ni meupe, laini, yana uvuguvugu. Akiyagusa, kumbe ni ugali. Anapanga tofali, ukungu unapita, tofali linalainika na kwenda zake kimyakimya. Anapanga jingine. Hachoki wala hakasiriki, anashangaa tu. Na upande wa pili wa ukuta kuna mtu anaimba wimbo usio na maneno. Akachungulia. Hakumwona mtu. Aliona mkono, kiganja kimefunguliwa, na katikati ya kiganja tone moja linang'aa. Mkono ukapanda polepole, ukazama ndani ya ukungu. Akataka kuuliza, "We mkono, unakula nini?" Sauti ikakataa kutoka.

Akaamka. Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya karanga.

Sufuria ndogo ilikuwa imeshuka. Akina mama, nikikosea mnisahihishe baada ya ibada, si sasa. Unga wa ulezi unaukoroga kwanza kwa maji baridi, usije ukafanya madonge. Unaumimina kwenye maji yanayochemka, unakoroga, huondoki hapo. Ukiiva unatia karanga zilizosagwa, na mwisho ndizi mbivu iliyopondwa, na sukari unaisahau kabisa. Huo ulikuwa uji wa asubuhi. Mchana yalikuja yale maharage na boga, boga limeyeyuka mpaka limekuwa mchuzi wenyewe. Majani ya maboga yalimenywa nyuzi, yakaiva bila kupoteza ukijani. Parachichi lilikatwa pembeni, likapakwa chumvi na ndimu. Hakuna kilichotoka mbali. Vingi vilikuwa uani, kuku wanapita juu yake.

Baba Sekela akala. Akala hata yeye mwenyewe akashangaa. Alipolala tena ndoto ikarudi, lakini sasa matofali yalikuwa na rangi, mekundu kama ulezi, ya njano, ya kijani, na ukungu ulipopita yalibaki pale pale. Akafurahi usingizini. Na ule mkono nao ukaja, na tone lake moja, ukapanda, ukapotea. Kila alipoota ulikuja. Hakujua ni wa nani.

Sekela, binti yao mdogo, kazi yake siku hizo ilikuwa kukaa kando ya kitanda. Tulimdhania anamwonea baba yake huruma, na kweli alimwonea. Lakini jicho moja lilikuwa kwenye sufuria. Baba akishiba, kinachobaki ni cha Sekela, analamba mpaka bati linalia.

"Baba, unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, mama."

"Unapona?"

"Napona kabisa."

Mtoto akainamisha kichwa. "Baba, usipone kwanza."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ukipona, sufuria inarudi juu."

Ndugu zangu! Mtoto anayempenda baba yake anamwomba aendelee kuumwa, ili na yeye ale. Baba Sekela alicheka mpaka akakohoa. Alicheka, lakini je, alisikia? Maana alipona, na sufuria ikarudi juu. Jioni ya kwanza ukaja ugali mweupe pe, akaula wote. Moyoni alitamani ile mboga ya kijani. Lakini mtu aliyekwisha sema "kwani mimi mgonjwa" mbele ya mkewe, atalirudishaje neno hilo mdomoni? Aibu ilimshinda. Akanawa mikono, akasema asante kwa chakula.

Sasa niwaulize. Tumekaa kwenye nyumba ile muda mrefu, tumenusa mpaka uji. Mama Sekela mmemwona?

Alikuwepo. Alikuwa ameegemea mlango. Mume akila, yeye ameegemea. Akiulizwa, anajibu, "Nimechoka tu." Alipakua cha mgonjwa, akapakua cha mtoto, akapakua cha shemeji aliyekuja kumjulia hali kaka yake na kukaa mpaka saa ya kula. Kisha alikwangua ukoko kwenye sufuria kubwa, akausindikiza na chai ya rangi, akaanza kuosha vyombo. Na kazi yote ile aliifanya huku anaimba wimbo usio na maneno.

Asubuhi moja aliinama kuipua maji, akakaa chini polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu. Hakuinuka.

Zahanati wakampima, wakasema damu imepungua mno. Muuguzi, msichana mpole, akamwuliza, "Mama, nyumbani huwa unakula nini?"

Mama Sekela akajibu, "Mimi ndiye ninayepika."

Muuguzi akadhani hakusikia vizuri. Akauliza tena. Naye akajibu vilevile, kwa upole, maana hakujua jibu lingine.

Walimpa dawa, wakamwambia apumzike na ale vizuri. Baba Sekela akamlaza kitandani, kitanda kilekile. Akaenda jikoni. Akanyoosha mkono juu ya kabati, akaishusha sufuria ndogo, akasimama nayo. Mtu aliyejenga nyumba za nusu ya kijiji hakujua aanzie wapi. Jiko lilikuwa upande wa pili wa ukuta wa chumba, akaita kupitia pale.

"Mama Sekela! Unga unaingia kabla ya maji au baada?"

"Koroga na maji baridi kwanza, baba. Baridi kwanza." Sauti ilikuja ndogo.

Alikwisha kumimina kwenye yanayochemka. Madonge yakatoka makubwa kama kokoto za zege. Akayamwaga, akaanza upya. Safari hii akafuata kila neno, akatia karanga, akaponda ndizi kwa mkono wake wa ufundi. Akakoroga. Akaita tena.

"Nitajuaje umeiva?"

"Onja. Weka kiganjani, uonje."

Akachovya mwiko. Akafungua kiganja cha mkono wa kushoto, akadondosha tone moja. Ukungu ulikuwa umeingia dirishani, na tone likawa linang'aa. Akauinua mkono polepole kuelekea mdomoni, na katikati ya safari mkono ukasimama.

Alikuwa ameuona mkono huu. Alikuwa ameuona katika kila ndoto.

Akajua ni wa nani. Akajua pia jibu la swali ambalo sauti yake ilikataa kulitoa. Mkono ule unakula nini? Unakula tone. Miaka yote ambayo sufuria ndogo ilishuka na kupanda, kwa mama mkwe, kwa shemeji, kwa Sekela, kwake yeye, Mama Sekela alichopata ndani yake kilikuwa tone la kuonja kama kimeiva, ili apelekewe mwingine. Baba Sekela akaweka mwiko chini. Alilia pale jikoni, mwanaume mzima, na sioni haya kuwaambia.

Akabeba uji, akauingiza chumbani. Mkewe akauangalia, akageuza uso.

"Mpe Sekela. Mimi si mgonjwa, nimechoka tu."

Mnasikia? Ni neno lilelile la mumewe. Yeye alilisema kwa jeuri ya afya, na mkewe analisema huku hana damu. Baba Sekela akapiga magoti kando ya kitanda, akajaza kijiko.

"Mama Sekela, kula. Si lazima uwe mgonjwa."

Akala kijiko kimoja. Akakikalisha mdomoni, macho yameenda mbali. Akameza. Akamtazama mumewe kama mtu aliyeonyeshwa chumba kipya ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Kumbe ndivyo ulivyo," akasema. "Kumbe ni mtamu hivi."

Mtaniuliza, alipona? Alipona, polepole, kwa dawa na kwa sahani. Na ukienda nyumba ile leo utaikuta sufuria ndogo uani, imewekwa maji ya kuku. Haina kazi nyingine. Majani ya maboga, karanga, maharage na boga, dona pia, vyote vimehamia kwenye sufuria kubwa, na Mama Sekela anakula ameketi.

Sasa sisi. Sisi tumeweka nini juu ya kabati? Maana si mboga tu. Neno zuri tunamwekea mtu mpaka alazwe. Kumtembelea mzazi tunangoja tupigiwe simu kwamba hali ni mbaya. Maombi nayo yamepanda juu, yanashuka na homa, homa ikitoka yanarudi. Mungu akitusogezea sahani siku ya kawaida, tukiwa na nguvu, tunaisukuma kwa kidole: kwani mimi mgonjwa? Tunataka tuanguke kwanza ndipo tulishwe. Na huku tukijidai ni wazima, tumekonda ndani.

Na wako wengine humu, nawaona, wanaolisha wote na kubaki na tone. Wanaombea kila mtu, wao hawajaombewa. Ukiwauliza wanakula nini, watakujibu kwamba wao ndio wanaopika. Mungu hakuwaita waonje. Aliwaita waketi, wale na wenzao.

Sitawachelewesha, harufu imeshafika mpaka mimbarini. Nendeni nyumbani. Mchana huu, kabla hujashika chakula, mtazame aliyekipika. Uone amekaa au ameegemea mlango. Mshike mkono, umkalishe, umpakulie wewe, tena kile kizuri. Akikwambia amechoka tu, usimwamini. Mpakulie.