Mzee wa Kitanda cha Nne

Kulikuwa na muuguzi mmoja, mama wa makamo, mwenye stashahada na miaka kumi na tano ya kukesha wodini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hata watoto hawakulia akiwachoma sindano. Lakini kila nafasi ya kuongoza wodi ilipotokea, aliambiwa, "Sista, lete shahada." Basi akarudi chuo, akakaa benchi moja na mabinti aliowafundisha yeye mwenyewe kutandika vitanda. Ninyi mnaocheka huko nyuma, jaribuni kwanza!

Ukafika mtihani wa mwisho wa vitendo. Alishaufeli mara moja, na ukiufeli mara ya pili chuo kinakuaga. Aliogopa, ndugu zangu.

Mtihani wenyewe uko hivi: vitanda vimepangwa, kila kitanda kina kazi yake, una dakika tano tu. Kengele ikilia unahama, umalize usimalize. Kwenye kitanda cha nne alilazwa mzee wa mtaani, mzima wa afya, aliyeombwa aigize mgonjwa. Kazi ni kumpima presha na kuandika. Walimu walishampima alfajiri, na kila mwanafunzi alijua kwamba mzee wa mtihani huwa hana ugonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sijisikii vizuri. Naona giza."

Yule mama akatabasamu. Si ameambiwa aigize? Akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, umelowa jasho. Akapima, akapata themanini kwa hamsini. Miaka kumi na tano ilimwambia kwamba mtu huyu anakwisha.

Akamgeukia msimamizi. "Mwalimu, samahani, huyu baba..."

"Mtahiniwa, hairuhusiwi kuniuliza. Andika. Umebakiwa na dakika moja."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Wenzake kumi na watatu wamepita hapo, hakuna aliyepiga kelele. Labda mkono wake ndio unatetemeka. Labda kipimo kibovu. Akisimamisha mtihani na mzee akaonekana mzima, nani hatamcheka? Atarudi nyumbani kusema nini? Akaandika mia na ishirini kwa themanini, namba ya mtu mzima wa afya. Kengele ikalia, akahama.

Alifaulu! Alipata alama zote za kitanda kile, maana ndilo jibu lililokuwa kwenye karatasi ya msimamizi.

Mtihani ulipokwisha, msimamizi akamgusa mzee begani. "Haya baba, tumemaliza, amka ukale." Mzee hakuamka. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimemvujisha damu ndani kwa ndani asubuhi nzima, katikati ya wauguzi, amezungukwa na vipimo. Karatasi kumi na nne zikakusanywa, na zote zilisema mzee ni mzima.

Wapendwa, sisemi msisome. Someni! Wapelekeni mabinti wenu wakachukue hizo shahada. Yule mama hakukosa elimu. Alipima vizuri na akapata namba ya kweli. Woga ndio ulioshika kalamu.

Na sisi je? Kila Jumapili tunasalimiana pale mlangoni. "Hujambo?" "Sijambo, Mungu ni mwema." Tunamwona dada amekonda, tunamwona kaka ananuka pombe saa tatu asubuhi, na moyoni tunajua. Lakini tunasema, mbona wenzangu wamempita? Nikiuliza nikaambiwa nina umbea? Basi tunaandika "mzima" na tunaenda kuimba.

Mimi naogopa, ndugu zangu. Siwahubirii kutoka juu. Kuna nyumba moja hapa mtaani nimeipita wiki tatu sasa, na kilio nimekisikia kwa masikio yangu haya, nikajiambia wazee wa kanisa wangeshaniarifu. Leo sitawangoja mlangoni kuwapa mkono. Nikishuka hapa naenda kubisha hodi, na anayeogopa kama mimi tufuatane.