Chatu Aliyedhaniwa Amesusa

Paukwa!

– Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Nimesema paukwa!

– Pakawa!

Haya. Anayesinzia asogee karibu nimfinye.

Hapo zamani za kale palikuwa na mama mmoja mkulima wa mpunga, jina lake Bi Mejumaa. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na ghala la mpunga, na ndani ya ghala alikuwa na chatu.

Msishtuke! Chatu yule alimwokota kondeni akiwa mdogo, unene wa kidole. Akamlea, akampa jina la Taratibu. Tangu Taratibu akae ghalani, hakuna panya aliyethubutu kuugusa mpunga. Mpunga wa kula na mpunga wa mbegu, wote ukawa salama.

Lakini Bi Mejumaa alikuwa na kasoro moja. Hakujua kutulia. Akipika wali, anafunua chungu mara kumi, mvuke wote unatoka. Akipanda mbegu, kesho yake anaifukua aone kama imeota. Mnawajua watu hao. Wengine wamekaa hapahapa.

Siku moja akampelekea Taratibu kifaranga. Taratibu akageuza kichwa.

"Kula, mwanangu."

"Sitaki, mama. Niache kidogo."

Jamani! Kwetu sisi, mtu akikataa chakula cha nyumbani, tunasema ameshiba? Thubutu! Tunasema amesusa. Kuna neno limemchoma. Na aliyesusa huombwa radhi kwanza, ndipo ale. Bi Mejumaa akaanza kuzunguka ghala, akaingia, akatoka. "Nimemkosea nini? Nimemkosea nini mimi?"

Juu darini alikuwako Panya Buku. Miaka mitatu anaunusa mpunga ule, haonji hata punje. Akachungulia.

"Shikamoo, Bi Mejumaa. Mwanao amesusa. Si jana, jua limeshazama, ulimwita nyoka? Usiku nyoka hatajwi, huitwa kamba. Umemvunjia heshima."

Mama akajipiga kofi mdomoni. "Ee, kweli!" Akapiga magoti, akaimba:

*Taratibu mwanangu, kula,*
*Kama nimekosa, samehe, kula.*

Taratibu akajibu:

*Sijasusa, mama, niache,*
*Sijasusa, niache kidogo.*

Mbona hakusema linalomsibu? Nyoka nao wana haya zao. Lile lilikuwa jambo la mavazi, na jambo la mavazi mtoto wa kiume hamwelezi mama yake.

Siku ya tatu mama akaleta yai la kanga. Taratibu akageuza kichwa. Buku akachungulia tena.

"Unampa chakula kwenye kifuu? Mtoto wa watu! Mtandikie mkeka, mpe sahani ya wageni."

Mama akatandika mkeka, akatoa sahani ya wageni, akapiga magoti, akaimba:

*Taratibu mwanangu, kula,*
*Kama nimekosa, samehe, kula.*

*Sijasusa, mama, niache,*
*Sijasusa, niache kidogo.*

Kidogo gani? Bi Mejumaa hakujua maana ya kidogo. Kila akitoka ghalani anarudi. Anamgusa, anamgeuza, anamnusa. Usingizi ukamkimbia.

Siku ya saba akaleta kuku mzima. Taratibu hata kichwa hakugeuza. Rangi yake imefifia, macho yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mama akaangua kilio. "Mwanangu ananifia! Nani atanilindia mpunga? Nani ataniita mama?"

Buku akashuka kabisa, akakaa juu ya gunia.

"Hafi huyo. Asusaye siku saba hajasusa chakula, amekususia wewe. Tumbo analiacha tupu upate kuenea humo. Tazama macho, hataki hata kukuona. Mama, muwahi kabla hajakuwahi!"

Hofu ikamwingia Bi Mejumaa. Akatoka, akarudi. Akatoka, akarudi. Adhuhuri ya siku ile akarudi na mchi wa kutwangia. Nyuma ya magunia akaona madoa ya chatu, amejinyoosha kimya. Akafumba macho. Akapiga mara moja. Akapiga mara ya pili. Akapiga mara ya tatu. Kikalia kwacha! kitu chepesi kama ganda la muhindi.

Hakutazama. Akautupa mchi, akakaa kizingitini. "Nimemuua mwanangu. Ole wangu, nimemuua."

Buku hakungoja matanga. Akajirusha katikati ya mpunga, akapiga mbinja. "Njooni, jamaa zangu! Mlinzi kafa! Mpunga wetu!"

"Mpunga wa nani?" sauti ikauliza nyuma ya mtungi.

Akatoka Taratibu, mpya, anang'aa, macho maangavu, na njaa ya siku saba tumboni. Buku hakuwahi kujibu. Mkia wake ndio ulioingia mwisho kinywani. Jamaa zake waliokuwa wakishuka wakarudi darini, na kutoka darini wakahama mtaa.

Bi Mejumaa akainuka, akaenda kutazama. Nyuma ya magunia palikuwa na gamba tupu, zima, kuanzia mkia mpaka vifuniko vya macho.

"Nilikuwa najivua gamba, mama," Taratibu akasema. "Wakati huo sioni, wala sili. Nilikuomba uniache kidogo."

Kisha akalitazama lile gamba. Lilikuwa na alama tatu za mchi, na moja ilikuwa kichwani. Akaitazama sana ile ya kichwani.

Siku ile Bi Mejumaa alipika wali wa nazi, harufu ikajaa nyumba nzima. Akapakua. Akashika tonge. Tonge halikupanda mdomoni.

"Mama, mbona huli?" Taratibu akauliza. "Umesusa?"

"Sijasusa, mwanangu. Niache kidogo."

Taratibu akajikunja kizingitini, asiulize tena. Mama akaufunika wali kwa kawa, akakaa. Mara hii hakufunua mara kumi. Alifunua mara moja tu, jioni, akala.

Basi, wanangu, si kila akataaye chakula chako amekukasirikia. Akuombaye nafasi, mpe nafasi. Na siri ya nyumba yako usimuulize anayeumezea mate mpunga wako.

Hadithi yangu imefika ukokoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa imeungua, niachieni chungu, nitakwangua mwenyewe.