Ofisi ya Mzee Vaudrin

Hapo zamani, Ufaransa ilipokuwa bado na mfalme, katika mji mdogo mbali na Parisi waliishi akina Vaudrin, mawakili tangu babu na babu. Mzee wao sasa alikuwa taabani kitandani, anatafuta wa kumwachia ofisi. Wanawe ni watatu: Firmin, Perrine, binti pekee, na Lubin, kitinda mimba.

Basi bwana mmoja mwenye ngome akazungushia ua malisho ya wanakijiji wa jirani. Ng'ombe wakakonda, watoto wakakosa maziwa. Wanakijiji wakakimbilia kwa Vaudrin. Lubin, wakili kama kaka yake, ole wake, alikuwa ameshakubali kumtetea bwana yule.

"Awe bwana, awe nani, tutamjibu!" akasema Perrine. Lakini mwanamke atetee mahakamani? Thubutu! Akaandika hoja zote mwenyewe, akamfundisha Firmin, na roho inamuuma.

Siku ya kesi Perrine akakaa nyuma kabisa. Desturi ya kule, wakili hutetea kofia kichwani, maana akitetea si mtumishi wa mtu. Lakini hakimu alikuwa rafiki wa bwana yule; Firmin aliposimama tu, akamfokea:

"Vua kofia!"

"Sivui."

"Vua, nasema!"

"Sivui ng'o! Nikivua, hawa watasemewa na nani?"

Firmin akafutwa uwakili palepale, maisha. Hapo Lubin akainuka, akamwambia bwana wake, "Tafuta wakili mwingine." Akavaa kofia yake. Perrine akapenya umati, akamsukumia karatasi zake mkononi. Lubin akaunguruma hoja moja baada ya nyingine, watu wakashangilia, hakimu akaogopa ghasia. Malisho yakarudi.

Nyumbani, kando ya kitanda, vita vikaanza.

"Mimi nimepoteza kazi," akasema Firmin. "Ofisi ni yangu!"

"Wewe ulitolewa nje, kaka. Mimi nimeshinda!"

"Kwa kumgeuka mteja wako? Huna haya!"

"Nyamazeni!" akasema Perrine. "Maneno yaliyoshinda ni yangu. Baba, sheria inanikataza kusimama, hainikatazi kufikiri. Nipe ofisi, midomo nitaajiri!"

Mzee akawatazama mmoja mmoja. Akafungua kinywa ajibu, roho ikatoka.

Haya, mnaonisikiliza, na atakayesema "wote" atoke nje! Mwenye hoja, aliyegoma kuvua kofia, au aliyemtosa bwana wake: ofisi ile, je, nani aliistahili?