Jino la Panya wa Ukutani

Aliye karibu na mlango aufunge, maana habari hii ni ya baridi, na baridi mimi naijua. Nimelala ugenini katika nyumba za mawe, na kitambi changu hiki chote, nikatetemeka kama kifaranga aliyelowa. Kumbe kuta zile zilikosa makapi.

Zamani, huku milimani Rungwe, nyumba zilikuwa na ukuta mmoja tu wa mianzi, na panya hawakukaa na watu. Maharage yakishapurwa, maganda yalichomwa. Watu wakaota moto kidogo, kisha wakarudi kujikunyata.

Wakati huo aliishi mwanamke aitwaye Tusekile. Alikuwa amezika watoto wawili, wote kwa baridi ya mwezi wa Juni, wala hakuna aliyefikisha jino la kwanza. Sasa alikuwa na wa tatu, Lugano, mchanga bado, na Juni ilikuwa mlangoni.

Asubuhi moja alitia mkono kwenye rundo la maganda nyuma ya kihenge, akagusa watoto sita wa panya, uchi kabisa, wana joto kama viazi vilivyotoka jivuni. Moto haukuwapo. Alitoa mkono, akautia tena. Akachuchumaa, akawaza: joto ni la miili yao wenyewe, ila maganda yanalikataza kuondoka.

Mama panya akatokeza, akamwambia, “Usinichukulie nyumba.”

“Naichukua,” Tusekile akasema, “lakini wewe na wanao mtahamia nayo, mkae ukutani mwangu. Huyu wangu akifika umri wa kung'oka jino, la kwanza ni lako.”

Akamsihi mumewe asimamishe ukuta wa pili wa mianzi ndani ya ule wa kwanza. Katikati akashindilia maganda na magunzi ya mahindi, akayachanganya na majivu kuzuia wadudu, na panya akahamia humo na wanawe. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

“Shemeji, hii nyumba au jalala?” mdogo wa mumewe akauliza.

“Njoo Juni uniulize.”

Juni yule shemeji akaja kweli, amejifunika nguo mbili. Akakaa, akavua moja, akavua ya pili. Aliomba maganda yaliyobaki.

Lugano aliivuka Juni ile, na nyingine sita. Jino lilipong'oka, Tusekile alilipeleka mwenyewe, akalipenyeza kwenye ufa wa mianzi. Likavutwa ndani.

Na tangu siku hiyo panya hukaa katika kuta za watu, na mtoto wa huku aking'oka jino, hulipenyeza ukutani. Wapita njia husema eti tunamwomba panya meno makali. Mimi nilijaribu kumpa langu la juzi, la uzee. Asubuhi nikalikuta sakafuni. Panya hapokei jino la mtu aliyekwisha kukua. Lakini la mtoto likiburutwa ndani ya makapi, mama husimama akilisikiliza mpaka mwisho, ndipo huamini kwamba huyu amebaki.